Sanda Ambayo Haikufunguliwa

Wanaosema subira huvuta heri hawakuwahi kumsubiri Wagdi. Mimi nimemsubiri tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, nikingoja sanduku moja tu lifunguliwe.

Ndani yake mlikuwa na sanda ya kitani ya mwanamke wa kale. Ilichorwa sura yake, na chini ya sura kulikuwa na maandishi. Waliochimba kaburi lake walipiga picha moja, tena mbaya, inayoonyesha uso na maneno ya mwanzo ya dua. Jina lilikuwa ndani ya mkunjo, halionekani. Jeneza liliibiwa, kaburi likafukiwa na mchanga, kwa hiyo jina lake lilibaki kwenye sanda ile tu, si kwingine. Na watu wale waliamini kwamba maiti asiyetajwa jina amekufa mara ya pili. Nikajiapiza kwamba mimi Sawsan nitalisoma. Ndiyo ingekuwa shahada yangu ya udaktari na, niseme kweli, ndiyo ingekuwa maisha yangu.

Lakini huku kwetu Misri kila kitu cha makumbusho kina mtu aliyekitilia sahihi. Kikipotea au kikichanika, ni yeye na mwendesha mashtaka. Sanduku lile lilikuwa dhamana ya Wagdi, mhifadhi wetu mkuu, aliyenifundisha kazi nikiwa sijui hata kushika brashi. Mtu mwema, ila mwoga kupindukia. Alimwona rafiki yake akifungwa kwa sababu ya ushanga uliopotea, basi tangu hapo lakiri, ile nta ya muhuri iliyofunga sanduku, hakuigusa. Kila mwaka nilimpelekea maombi, na kila mwaka aliniagizia chai na kuniambia kwamba kitambaa kile kikichanika mikononi mwangu, atakayelala rumande ni yeye. Ningoje astaafu, nipokee dhamana, nifungue nitakavyo. Nilimchukia mpaka nikaota namwibia funguo. Wenzangu wakaniita bibi harusi wa sanduku. Wachumba wenye nyama na mifupa walikuja, wakanywa sharubati kwa mama, wakaenda zao.

Mwaka huu amestaafu. Kamati ya makabidhiano ikaja kutoka Kairo, ikiongozwa na Bi Madiha, maana siku hiyo kila kitu lazima kionwe kwa macho. Nilivaa glovu mpya. Wagdi mwenyewe alikata lakiri, akanitania, "Haya bibi harusi, funua shela."

Nikainua kifuniko.

Mchwa. Walipitia nyuma ya rafu wakatoboa kitako cha sanduku, na kwa nje hapakuonekana hata tundu. Ndani mlijaa udongo wao na unga wa kahawia. Kilibaki kipande kimoja cha rangi, sikio na kipuli chake. Nilipokigusa kwa brashi kikamomonyoka. Nikapekua unga ule kama mtu anayechambua dengu, nikitafuta wino, na sikupata hata herufi moja.

"Sikuigusa, Sawsan," Wagdi akasema. "Wallahi sikuigusa hata siku moja."

"Najua, mwalimu," nikamjibu. "Laiti ungeigusa."

Akaketi sakafuni na suti yake ya kuagwa. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, nilitaka kumwambia hivyo nimkate maini, lakini alikuwa analia tayari. Hasira yangu ikakosa pa kwenda. Nilisimama pale na glovu zangu, sijui niende nyumbani au nibaki, na sikuona tofauti yoyote kati ya hayo mawili.

Bi Madiha alikuwa na treni ya kuwahi. Akaeleza, bila ubaya, kwamba nikikataa kupokea sanduku itabidi mzee apelekwe kwa mwendesha mashtaka. Nikilipokea lilivyo, hali yake mbaya, basi yamekwisha. Nikasema nitalipokea. Msinisifu, haukuwa wema. Sikuwa na nguvu ya kukataa kitu tena.

Akafungua kalamu, akajaza fomu ya makabidhiano mpaka akafika mahali pa jina la mwenye sanda.

"Jina lake nani?"

Wagdi akainua uso, akanitazama kana kwamba mimi ningelijua.

"Hajulikani," nikasema.

Bi Madiha akaandika, na mimi nikatia sahihi chini yake.