Nakala ya Chepkemoi

Chepkemoi alikuwa akinyoosha visanduku kwenye slaidi ya vitanda vya wagonjwa. Kampuni yao, katikati ya Saint Paul, iliuza vifaa vya hospitali, na kazi yake ilikuwa kuandaa slaidi ambazo wakubwa walienda kuwaonyesha wateja. Tangu mwenzake Wanjala aachishwe kazi mwezi wa Oktoba, aliandaa za kwake na za Wanjala. Kiti cha Wanjala kilibaki hapo kulia, watu wakikitundikia makoti.

Jairus, aliyekaa mbele yake, alimtazama akihangaika na kipanya.

"Unajichosha bure," alisema. "Ukitaka kisanduku kingine kama hicho, bonyeza Control na D. Kuanza onyesho, F5. Ukikosea, Control na Z inarudisha. Mkono usitoke kwenye kibodi."

Alijifunza. Baada ya majuma machache alikuwa akimaliza kazi kabla jua halijazama, na majira ya baridi Minnesota jua huzama mapema. Meneja wao, Griffins, aliliona hilo. Akamletea na slaidi za tawi la Maplewood.

Ijumaa moja Joan, bintiye, alikuwa na mashindano ya kuogelea huko Brooklyn Park wanakoishi. Chepkemoi alikuwa ameyakosa yaliyotangulia na yale ya kabla yake. Asubuhi, wakinywa chai, alikuwa ameahidi. Saa tisa na nusu Griffins akaja na marekebisho.

"Mama Joan, pole. Mteja anayataka leo."

Chepkemoi alifumba macho na kubonyeza Control na D bila kuchagua kitu chochote kwenye slaidi. Chepkemoi wa pili akatokea. Alitokea chini kidogo na kulia kidogo, kama nakala zinavyotokea, hata kiwiko chake kikaangukia mkono wa kiti cha Chepkemoi wa kwanza. Alivaa sweta lile lile la kijani. Akapiga miayo.

"Ondoa hayo makoti ukae," Chepkemoi alimwambia.

Griffins aliwatazama wote wawili, akaitikia kwa kichwa.

"Hii itatusaidia," alisema. "Jumatatu mtaongezewa kompyuta. Kitambulisho cha mlangoni mtatumia kimoja."

"Na mshahara?" aliuliza yule wa kulia.

"Mshahara analipwa mtu, na mtu ni mmoja." Hakusema kwa kejeli. Yeye mwenyewe alikuwa na nyumba Lakeville anayoilipia, na juu yake kulikuwa na watu wa kuwajibu.

Ulipofika wakati wa kuondoka, wote wawili walinyoosha mkono kwenye ufunguo wa gari. Kila mmoja alikumbuka uchungu wa kumzaa Joan. Kila mmoja alikumbuka ahadi.

"Enda wewe," nakala alisema mwishowe. "Ulikuwa hapa kabla yangu." Akageukia slaidi za mteja.

Chepkemoi aliendesha gari hadi kwenye bwawa, akakaa kwenye benchi. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya dawa ya maji. Alilala kabla zamu ya Joan haijafika. Kazi walikuwa wamegawana, lakini uchovu haukugawanyika. Kila mmoja alibaki nao mzima.

Joan alimwamsha, nywele zikichuruzika maji, akamwambia kwa Kiingereza kwamba ametoka wa pili. Ndani ya gari mama alimweleza kuhusu yule mwingine. Joan alifikiri kidogo, akauliza kama naye huwa analala.

"Analala," mama alisema.

Mashindano yaliyofuata alikuja yule mwingine. Naye alilala.

Siku moja walimwendea Jairus pamoja, wakamwomba awaonyeshe jinsi ya kurudisha hali ya mwanzo.

"Faili mliifunga?"

"Griffins aliihifadhi, akaifunga, akamtumia mteja."

"Basi. Ikishafungwa, Control na Z haikumbuki kitu." Jairus aliwatazama mmoja, kisha mwingine. "Na ingekumbuka, nani kati yenu angeondoka?"

Walirudi kwenye viti vyao.

Januari Jairus aliachishwa kazi. Alipakia kikombe chake na picha za watoto kwenye boksi, akawaambia watu wa idara yake kwaheri, akawapa mkono akina Chepkemoi wote wawili.

"Hamkunifanyia ubaya," alisema. "Mimi ndiye niliyewafundisha." Akaenda kungoja lifti.

Mchana Griffins aliwaletea slaidi za Jairus. Aliwaomba wabonyeze tena, kisha akasimama akingoja, macho kwenye zulia. Hakuna aliyetaka. Alibonyeza yule ambaye mkono wake ulikuwa tayari juu ya kibodi. Wa tatu akatokea chini kidogo, kulia kidogo, akipiga miayo, akaenda kukaa kwenye kiti cha Jairus. Kilikuwa bado na joto.

Jioni walitoka watatu kwenye maegesho, wakakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Mmoja alifungua mlango wa nyuma. Mwingine akaingia mlango wa pili wa nyuma. Aliyebaki nje aliutazama usukani kwa muda, akaingia, akawasha gari na hita. Kabla hawajafika barabara kuu wenzake walikuwa wamelala, na yeye akashusha kioo kidogo ili baridi impige usoni asisinzie.