Sekunde Hamsini za Kyule

Kyule alikuwa ameendesha mashine ya soda ya mzee Hirad miaka mitatu pale Eastleigh, Nairobi, na aliijua kwa mlio tu, kama mama anavyojua kilio cha mtoto wake. Kisha mashine ikafa. Hirad akaleta nyingine, kuukuu pia lakini yenye kitabu cha maelekezo, na nyuma ya kitabu akamleta Ndolo.

Hapo ndipo shida ya Kyule ilipoanza. Ndolo alikuwa wa mtaa wa Jericho kama yeye. Waliingia chuo siku moja, darasa moja, wakisomea uinjinia wa kemikali. Mwaka wa pili chuo kikafungwa kwa mgomo, Kyule akarudi nyumbani na godoro kichwani, na lile godoro halikurudi chuo tena. Ndolo alirudi, akamaliza. Sasa alikuwa na viatu vya kung'aa. Tena Ndunge, yule dada wa kufunga vizibo ambaye miaka yote hiyo alichekeshwa na Kyule peke yake, alikuwa ameanza kumchekea huyu wa viatu.

"Mimi sitaki kelele," Hirad alisema. "Leo kila mtu aweke koki ya gesi anavyojua, ajaze kreti moja. Kesho tutaonja. Mwenye soda nzuri ndiye fundi mkuu. Mwingine atabeba kreti."

Kitabu kilisema mashine ile ipewe gesi kilomoli 0.06 kwa saa. Kyule hakugusa hata kalamu.

"Hizo ni moli sitini kwa saa. Moli moja kwa dakika," alisema, huku akimtazama Ndunge.

"Umepata," Ndolo akasema.

Lakini moli haionekani kwa macho, na geji ya kupimia gesi ilikuwa imekufa. Kyule alikuwa na dawa yake: jerikeni ya lita ishirini, ijazwe maji, igeuzwe kichwa chini ndani ya pipa, paipu ya gesi iingizwe mdomoni. Gesi ikisukuma maji yote nje, unaangalia saa. Shuleni waliimbishwa kwamba moli moja ya gesi, kwa joto la chumbani, ni lita ishirini na nne. Basi lita ishirini na nne kwa dakika, jerikeni itaisha kwa sekunde hamsini. Akacheza na koki mpaka ikagonga hamsini barabara, akajaza kreti yake.

Ndolo akaazima jerikeni ileile. Alipomaliza, aliandika ukutani kwa chaki: 41.

Kyule alipoiona nusura acheke. Arobaini na moja? Digrii nzima, na jamaa ameshindwa na hesabu ya kidato cha tatu.

"Buda, kuja nikuonyeshe vile nimefika hapo," Ndolo akamwambia. "Ni mistari mitatu tu."

"Wewe endelea na mistari yako, msee. Mimi nilishaacha kuandika noti za darasani."

Angeweza kumwambia, "Rafiki yangu, umepotea." Wivu ukamziba mdomo. Badala yake akakata kipande cha katoni, akaandika kwa makaa HAPA IMELALA SODA YA NDOLO, akakificha nyuma ya kreti kikingoja mazishi.

Asubuhi Hirad akafungua chupa ya Kyule kwanza. Ikafanya "tss" ya aibu, kama mtu anayepiga chafya kanisani. Hirad akaonja, akakunja uso.

"Hii ni juisi."

Ya Ndolo ilitoka povu mpaka ikamlowesha mkono. Ndunge akaonja, akafumba jicho moja kwa ukali wa gesi.

"Haiwezekani," Kyule alisema. "Moli ni lita ishirini na nne."

"Mombasa, ndiyo," Ndolo akajibu polepole. "Hapa tuko juu, hewa haikandamizi sana kama huko, gesi inatanuka. Nairobi moli moja inajaza kama lita ishirini na tisa. Wewe umeipatia mashine gesi pungufu."

Kyule akahesabu kimoyomoyo. Ishirini gawanya kwa ishirini na tisa, mara sitini. Arobaini na moja na kitu.

"Hiyo tulifunzwa lini?"

"Mwaka wa pili. Baada ya chuo kufunguliwa."

Ndunge alikuwa ameenda kuvuta kreti. Akaibuka na katoni mkononi, akaisoma kwa sauti. Kyule akamnyang'anya, akaokota makaa, akafuta jina la Ndolo, akaandika lake, akaisimamisha juu ya kreti yake mwenyewe.

Ndunge akacheka, kile kicheko cha zamani, cha kushika mbavu. Kikamwingia Kyule kama chai ya asubuhi. Kisha, katikati ya kucheka, Ndunge akageuka kuona kama Ndolo naye anacheka.

Kyule akainama, akabeba kreti ya kwanza.