Mtakatifu Roko Apata Shamba Tezo

Kila Jumatatu, kabla ya kuinjika sima, Kadzo alipanda ngazi akawageuza watakatifu. Walilala uchagani, juu ya mafiga, katikati ya mahindi ya mbegu, moshi ukiwapanda kutoka chini. Aliwageuza kama samaki wa kukaushwa, siku saba upande huu, siku saba upande ule, wasije wakawa weusi mgongoni na weupe tumboni. Miezi mitatu ilitosha. Mtakatifu aliyeingia jikoni mweupe kama muhogo uliomenywa alitoka na rangi ya kahawa na nyufa mbili tatu, na Bwana Silvano, Mtaliano mwenye duka la vitu vya kale Malindi, akamweka dirishani akisema ni wa zamani za Wareno.

Aliyewachonga ni Muhdhar, fundi wa milango, ambaye babake alitoka Pate. Mwaka huo wa themanini na nne milango ilikuwa haiagizwi sana, na watakatifu walikuwa na soko. Lakini Muhdhar alikuwa na masharti yake. Watakatifu wake wote aliwachonga wamefumba macho, kwa sababu hakutaka Siku ya Kiama aambiwe avipulizie roho alivyovichonga. Na Silvano alipomletea picha ya Mtakatifu Roko, anayeonyesha kidonda cha paja huku mbwa amesimama pembeni, aliitazama akairudisha.

"Mbwa haingii karakana yangu, bwana. Hata akiwa wa mti."

"Bila mbwa si Roko, fundi."

"Basi nitamwekea mbuzi."

Akamwekea mbuzi. Silvano alinywa kahawa akafikiri, akaona mbuzi ni bora zaidi. Kitu cha kioja namna ile, nani atabisha si cha kale?

Mwezi wa pili uchagani, moshi ulimwasha Roko macho akayafumbua. Akakohoa.

"Shikamoo, mama," alisema. "Moshi huu!"

"Marahaba," Kadzo akajibu, akichochea kuni. "Hata mimi waniwasha."

Akamteremsha, akampa maji kwa kata. Alikuwa na kimo cha mchi wa kutwangia. Mbuzi alishuka mwenyewe, akatoka nje kula matembele. Toka hapo, mchana Roko alikaa kwenye kigoda akifukuza kunguru shambani, na magharibi alirudi uchagani, maana mwezi wake mmoja ulikuwa bado. Ndevu zikawa zinamgeuka mvi. Muhdhar alipopata habari alisema tu, "Mimi nilimwacha amefumba. Aliyemfumbua ni moshi wako, dada. Mimi simo."

Sasa, msimu huo wapimaji walikuwa wakipita Tezo wakichomeka vigingi vyenye namba. Asiye na karatasi ya kuonyesha kwamba kakaa pale tangu zamani, angehamishwa. Kadzo alikuwa ameolewa kwenye mji ule wa wakwe zake miaka thelathini na mmoja. Mumewe alizikwa pale, na baba wa mumewe, chini ya mikorosho aliyoipanda Kadzo kwa mkono wake. Karatasi hakuwa nayo hata ya kufungia sabuni.

Aliyekuwa na karatasi ni Roko. Silvano alikuja na maneno yaliyopigwa taipu ya kuwaonyesha wanunuzi, kwamba sanamu hii imekaa nyumbani kwa Kadzo, Tezo, miaka mia tatu, ikirithiwa mkono kwa mkono. Kadzo akatia dole gumba. Karatasi ikaenda ofisini, ikarudi na muhuri na sahihi mbili, na kuanzia siku hiyo ikabidi amkiaye awe Kadzo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," Roko akajibu, kwa haya kidogo.

Kadzo si mjinga. Kama mzee amekaa kwake miaka mia tatu, basi na kwake pana miaka mia tatu. Akambeba Roko mgongoni kwa leso, wakaenda Kilifi kwa miguu, mpaka kwa karani wa mashamba, mtu mpole aitwaye Gerishom. Gerishom aliisoma ile karatasi mara mbili.

"Mama, tangu nianze kazi sijaona karatasi nzuri hivi. Lakini yasema aliyekaa ni huyu."

"Amekaa kwangu."

"Kwako wapi? Wewe umetajwa mara moja, mtunza sanamu."

"Muulize mwenyewe basi."

Akamuuliza. Roko akasema kweli tupu: yeye katoka kwa Muhdhar mwaka huu huu, shamba ni la mama huyu, na mikorosho kaipanda mama huyo huyo. Gerishom alimsikiliza kwa adabu, kalamu mkononi, mpaka mwisho. Kisha akamwinamia Kadzo, akasema wazee wa umri ule huchanganya mambo, asione vibaya. Akaandika hati kwa jina la Roko, akamshika gumba akalichovya kwenye wino.

"Nisamehe," Roko alisema njiani.

"Si neno, mzee. Afadhali niwe skwota kwenye shamba lako kuliko la mtu nisiyemjua."

Na kweli alipata raha. Mbeyu, jirani yake, alivunjiwa nyumba mwezi huo huo, akahamia kwa dadake na kuku zake. Ya Kadzo haikuguswa. Jioni walikula muhogo wa kuchoma, yeye na mwenye shamba lake.

Kisha Silvano akaja na mume na mke kutoka Bergamo. Walimpenda Roko, na mbuzi walimpenda zaidi.

"Huyu ana shamba," Kadzo akawaambia.

"Vizuri," Silvano akasema. "Atasafiri na hati yake."

Barua ya kwanza Kadzo alisomewa na Muhdhar, aliyejua Kitaliano cha kuuzia. Roko aliandika kwamba kuna baridi, wenyeji ni watu wema, mbuzi amekula pazia. Ya pili ilikuja mwaka uliofuata, fupi, yenye namba ya shamba juu. Kadzo ameruhusiwa kukaa. Apande mahindi, kunde na muhogo. Miti ya kudumu asipande, kwa sababu miti huleta ugomvi baadaye.

"Na mikorosho yangu je?"

Muhdhar akaigeuza barua. "Haikutajwa. Ila usiongeze."

"Hewallah," Kadzo akasema.

Nyuma ya jiko alikuwa na mche wa mnazi uliochipua. Akautia kwenye debe la mafuta, akalijaza udongo, maana mche ulio ndani ya debe haujapandwa. Aliuhamisha alivyotaka: asubuhi mlangoni, mchana kisimani. Ulipopita paa la nyumba bado aliubeba, debe na vyote, kichwani. Mwaka wa tatu ukazaa. Wapimaji walipopita tena waliomba madafu, wakayanywa kivulini mwake, wakamshukuru, wakaandika kwenye daftari lao: mwenye shamba yuko Ulaya, miti mipya hakuna.