Mtetemeko Si Wangu

Wanangu walikuja kuniambia niache kuendesha gari wakati nina pini mdomoni. Walijua wanachofanya. Mshonaji mwenye pini mdomoni hajibu.

Nilikuwa napinda pazia la mteja. Mwanangu mkubwa, fundi wa kuchomelea mageti, alisimama mlangoni akauziba mlango wote, maana Mungu alimjalia mwili. Mdogo wake, ambaye ni nesi, alivuta kigoda cha wateja akaketi, akanishika kiganja kama anavyowashika wagonjwa wake kabla hajawachoma sindano.

"Mama, mikono yako inatetemeka," alisema.

Nilitema pini moja moja kwenye kisahani. "Ilianza kutetemeka wewe ukiwa shule ya msingi. Na gauni lako la harusi nimelishona na mikono hii hii."

"Kwenye cherehani sawa. Lakini barabarani, mama..."

"Barabarani gari ndilo linalotetemeka. Si mimi."

Wakatazamana. Naujua mtazamo ule. Ndio niliokuwa nampa mama yangu mwenyewe alipodai kuna mtu anamwibia vijiko. Damu ikanichemka mpaka masikioni.

Gari lenyewe ni la spoti: milango miwili, viti viwili, boneti ndefu, limelala chini kiasi kwamba ukisimama kando yake paa linakufika kiunoni. Nililinunua bovu baada ya kumzika mume wangu, nikalifufua kipande kwa kipande, na viti vyake nikavivika ngozi kwa sindano yangu. Naliita Mkaidi. Mtaani wanacheka, bibi kizee na gari la vijana, lakini wanacheka huku wamegeuza shingo.

Mwanzoni mwa mwaka magoti yangu yaligoma. Kuingia kwenye gari ilikuwa kama kuchuchumaa kisimani, na kutoka ndiyo usiseme. Mwanangu mkubwa hakunishauri wala kunihubiria. Alilichukua gari akaenda nalo kwenye karakana yake, akakata pete mbili nene za chuma, akazichomeka juu ya springi za nyuma. Lilirudi limenyanyuka nyuma vidole vitatu, pale pale viti vilipo, maana kwenye gari hili unakaa karibu kabisa na magurudumu ya nyuma. "Sasa hutainama sana, mama," alisema, akajifanya anafuta vumbi kwenye kioo. Nililia siku ile, na sioni aibu kusema.

Mtetemeko ulianza baada ya hapo, mara ya kwanza nilipotoka na gari barabara kuu. Ndani ya mji hakuna kitu. Ukifika themanini, unaanza. Unapanda kutoka kwenye kiti, unapita mgongoni, unashuka mikononi hadi kwenye usukani, na kioo cha ndani kinaanza kukuonyesha magari mawili mawili. Ukipunguza mwendo unaondoka.

Nililipeleka kwa Masikio. Ndilo jina lake la gereji, kwa sababu huweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, akafumba macho kama anasikiliza redio. Ni mwembamba kama mimi, na ana kiburi kama changu, kwa hiyo tunaelewana. Aliendesha, akahisi, akasema, "Tetemeko lipo, mama. Na si injini. Nimeweka gia huru nikiwa kwenye mwendo, limeendelea vilevile. Na kama yangekuwa matairi ya mbele, lingeanzia kwenye usukani. Hili linaanzia kwenye kiti."

Akabalansi matairi yote. Likatetemeka. Akashusha propela, ule mhimili mrefu unaopita chini ya gari kutoka giaboksi hadi difu, katikati ya magurudumu ya nyuma, akaupeleka kubalansiwa. Likatetemeka. Akabadilisha krosi, vile viungo vya kwenye ncha za propela vinavyoiwezesha kujikunja. Wapi! Siku ile Masikio alikaa juu ya tairi kuukuu, akashika tama, na mimi nikakaa kando yake.

Sasa hapo kwenye pazia, nesi wangu akatoa ushahidi wake. "Tumeliendesha, mama. Mimi na kaka, jana ulipotuachia ufunguo. Tumekwenda hadi barabara kuu, tumefika tisini. Limetulia kabisa."

"Kabisa," mkubwa akaitikia, akitazama viatu vyake.

"Kwa hiyo nasema uongo?"

"Hatujasema hivyo. Tunasema mikono yako inakudanganya. Jumapili tutakuja tukae kama familia, na utupe ufunguo. Tafadhali, mama. Usisubiri umgonge mtoto wa mtu."

Hilo la mtoto wa mtu lilinichoma. Ufunguo huwa naufunga shingoni kwa uzi, pamoja na kimkasi changu cha nyuzi. Niliushika. "Sawa. Jumapili. Nikishindwa kuwaonyesha kwamba ni gari, nitaufungua shingoni mwenyewe. Nikiwaonyesha, habari ya mikono yangu msinirudie tena, wala kwa kunong'ona jikoni kwangu."

Walipoondoka niliweka mkono mezani, vidole vimetandazwa, nikautazama. Ulikuwa unatetemeka. Sitajifanya jasiri: niliogopa. Mtu akiambiwa jambo na watoto aliowazaa, wote wawili, kwa upole, huanza kuliamini. Niliwaza nikae dirishani nikisubiri mtu aje kunipeleka sokoni, nimwambie ahsante kwa kila kona. Nikasema hapana. Nikalirudia pazia nikalishona kwa hasira, na lilinyooka vizuri.

Mapazia yale yalikuwa ya nyumba ya wageni nje ya mji. Jumamosi asubuhi niliyapakia: marobota yakajaa buti, mengine yakalala kwenye kiti cha abiria, na fimbo za chuma za kuning'inizia nikazisukuma nyuma ya viti hadi gari likakaa kitako. Nikashika barabara kuu nikiwa nimejiandaa, meno nimeyabana. Sabini. Themanini. Kimya. Tisini, kimya. Nilitazama kioo, nikaona lori moja nyuma yangu, moja tu. Nikafikiri limepona lenyewe, nikaanza kuimba.

Nikashusha mzigo, nikanywa maji, nikageuza. Kwenye barabara ile ile, nikirudi na gari tupu, nikafika themanini na kiti kikaanza kunitikisa.

Niliweka gari pembeni, nikazima, nikacheka peke yangu mpaka mwendesha baiskeli mmoja akavuka kwenda upande wa pili. Nilikwenda na mikono hii na nimerudi na mikono hii. Sikuibadilisha kule nyumba ya wageni.

Nilikwenda moja kwa moja gereji. Masikio alinisikiliza bila bisibisi. Kisha akapakia betri mbovu na kipande cha injini kwenye buti langu, akatoka nalo, akarudi macho yamemtoka. "Limetulia," alisema. Akavishusha vyuma vyake, akalala chini ya gari na pimamaji ya kupimia mlalo. Akaiweka kwenye propela, akaiweka kwenye uso wa difu, akaguna.

"Mama, njoo uone." Nililala chini kando yake, magoti yakapiga kelele, nikayanyamazisha. "Gari likinyanyuka nyuma, difu inageuza uso, na krosi inakunjwa kupita kiasi. Propela inazunguka kama mtu anayetembea mguu mmoja uko juu ya ukingo wa barabara na mwingine uko chini. Polepole anakwenda. Akikimbia, anachechemea. Ukiweka mzigo gari linashuka, pembe inarudi mahali pake. Nani alilinyanyua?"

"Mwanangu. Kwa ajili ya magoti."

"Pete hizi? Mimi nilizipita nikidhani gari limetoka nazo kiwandani. Zimelainishwa vizuri hivi! Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza kama kuna tatizo lingine. Hii haikuwa tatizo. Ilikuwa zawadi."

Akataka kuzitoa palepale. Nikamzuia. "Ziache. Njoo kwangu kesho na jeki yako."

Jumapili walifika wamevaa vizuri, nyuso za msibani. Mkubwa alileta matunda. Nesi alileta kile kifaa chake cha kupimia presha, nadhani akitarajia nitaanguka. Niliwapokea matunda, presha nikamwambia aipeleke ndani, kisha nikauvua uzi shingoni nikampa yeye ufunguo.

Alishtuka. "Umekubali, mama?"

"Endesha. Mimi nitakaa kando. Twende mpaka themanini."

Nesi wangu ni kimbaombao, sote wawili tukipimwa hatufikii uzito wa kaka yake. Tulipofika barabara kuu akakanyaga, na kwenye themanini nikaona vidole vyake vikiubana usukani. Hereni zake zilikuwa zinacheza.

"Mama! Linatetemeka!"

"Pole, mwanangu," nilimwambia. "Ni mikono yako. Umri huo."

Alinitazama, akarudisha macho barabarani. Sijawahi kufurahi hivyo ndani ya gari.

Tuliporudi nilishuka, nikamwamuru mkubwa aingie mahali pangu. Aliingia kwa kujikunja, gari likaenda chini likapumua. Wakaondoka. Nilisubiri getini na Masikio, ambaye alikuwa amekaa juu ya jeki yake anamenya chungwa letu. Walirudi, nesi akashuka wa kwanza, na kabla sijamuuliza akasema, "Kaka akiwemo linatulia. Siku ile tulijaribu na kaka." Akashika kichwa. "Mama, tulilijaribu na kaka."

"Yaani ni unene wangu?" mkubwa aliuliza.

"Unene wako umenisingizia," nilisema, "lakini si wenye makosa."

Masikio alipandisha gari, akaliweka kwenye stendi, akafungua springi. Pete ya kwanza ilipotoka, alimpa mwanangu mkononi. Mwanangu aliigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo alioulainisha mwenyewe. Masikio akamweleza habari ya pembe na krosi, kwa ufundi, kama fundi anavyomweleza fundi. Mkubwa hakubisha. Alikuwa anaelewa chuma tangu utoto wake. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akakaa kwenye ngazi na mabega yake makubwa yakashuka.

"Nilitengeneza hizi ili usiumie," alisema. "Halafu nikaja kukunyang'anya gari kwa sababu ya hizi hizi."

Nilikuwa nimeandaa maneno makali kwa ajili ya saa hiyo, nimeyanoa tangu siku ya pini. Yote yakaniishia. Nilimshika kichwa, nikakiegemeza tumboni kwangu, mtu mzima yule na ndevu zake. "Zilinipa raha kila nilipoingia," nilimwambia, na ilikuwa kweli. "Zitoe, nipe mimi. Nitazitumia mezani kushikilia kitambaa ninapokata. Nzito hivi, hakuna kitakachonitoroka."

"Na utaingiaje sasa? Magoti je?"

"Kama ninavyoingia kitandani. Matako kwanza, heshima baadaye."

Masikio alirudisha springi, akashusha gari. Lilikaa chini kama zamani, limebana tumbo barabarani. Wote watatu walisogea kunisaidia, nikawatolea jicho wakarudi nyuma. Nilifungua mlango, nikakipa kiti mgongo, nikajiachia. Nilianguka zaidi kuliko nilivyokusudia. Nikanyanyua mguu mmoja kwa mikono miwili, nikauingiza, nikafuatisha wa pili. Uliniuma, nikasema umeniuma, na nikafunga mlango.

"Nani anakuja?"

Nesi aliingia. Hakufunga mkanda mpaka nilipomwambia afunge. Njia nzima ya mjini alikuwa akitazama mikono yangu, na mimi nikamwacha atazame. Tukatoka barabara kuu. Ilikuwa tupu na imenyooka. Sabini. Themanini. Aliweka kiganja chake kwenye dashibodi, akakiacha hapo muda, akakiondoa. Tisini. Kwenye kioo cha ndani palikuwa na nguzo moja moja za umeme, zikirudi nyuma kwa utaratibu.

Nikauachia usukani. Mikono yote miwili, nikaiinua usawa wa masikio.

"Mama! Shika usukani!"

"Utazame kwanza."

Aliutazama. Ulikuwa umetulia tuli, gari likienda kwenye mstari wake kama mkasi kwenye hariri. Kisha nikaurudishia mikono, na ukaanza kutetemeka, kidogo, kidogo sana, kiasi cha kuonekana na mtu anayejua kutazama wagonjwa. Tuliona wote wawili.

"Mtetemeko ule wa awali ulikuwa wa gari," nilisema. "Huu ni wangu. Siku utakaponishinda nitakwambia mimi mwenyewe, usije kuniambia wewe."

Alinyoosha mkono, akakinasua kimkasi changu kwenye uzi wa ufunguo uliokuwa ukining'inia kwenye swichi, akaunyoosha uzi usinikwame gotini. Nikakanyaga.