Karasha ya Kifuani

Jumanne asubuhi Rhobi alikuwa uani kwake Nyakunguru akipepeta ulezi, upande ule ambao upepo hauleti vumbi la karasha. Karasha ni zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, na tangu dhahabu ionekane nyuma ya zizi la mzee mmoja pale kijijini, zilikuwa zimezidi ng'ombe kwa wingi. Mumewe, Kornelio, alikuwa kwenye kigoda akihema. Kutoka chooni mpaka kwenye kigoda ni hatua kumi na tisa, naye alikuwa amesimama njiani mara mbili. Miaka kumi na moja alikuwa ameilisha mawe karasha ya Marwa kwa koleo, bila hata kitambaa puani, na sasa moyo ulikuwa umechoka. Zahanati walimpima wakamwandikia dawa kwenye karatasi. Karatasi ikabaki karatasi, maana dawa hazikuwepo. Rhobi alitaka jambo moja tu: mzee huyu apumzike, wakae wawili wanywe uji wakiwa bado wana meno.

Ndipo akafika Imrani, mfanyabiashara wa Tarime mjini, amechomekea shati, amebeba mkoba wa virutubisho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mfukuze huyo kuku, ukae."

Imrani akatoa kopo jeupe lenye picha ya moyo unaocheka. "Moyo wa mzee umejaa seli, mama. Ndani ya kila seli kuna vijimashine vya kutengeneza nguvu. Chukulia ni vikarasha. Vya mzee vimezima."

"Vimeishiwa dizeli."

"Ungesoma ungekuwa daktari. Basi dizeli yenyewe ni hii. Kidonge kimoja kila asubuhi."

"Na vikiwaka, atapumzika?"

"Atapumzika mpaka achoke kupumzika."

Rhobi akafungua kamba ya mbuzi jike, mwenye baka jeupe sikioni, akamkabidhi Imrani. Naye akashika kopo lake.

Siku mbili za kwanza hakukuwa na kitu. Siku ya tatu, Kornelio akiwa nusu ya uji, kifua chake kilikohoa mara mbili kama mashine iliyolala na umande, kikawaka. Kikombe kikatembea chenyewe mpaka ukingoni mwa meza. Mogesi, jirani, akachungulia juu ya ua wa minyaa.

"Mmenunua?"

"Ni ya mzee."

"Inalia vizuri. Ya Marwa inakwaruza," akasema, akarudi kufua.

Kornelio aliinuka, akaenda chooni akarudi bila kusimama. Rhobi alifurahi, lakini furaha yake haikufika saa nne. Mlio ule aliujua, kama anavyoujua mtu yeyote wa Nyakunguru: ulikuwa mlio wa karasha inayozunguka tupu. Na karasha haiachwi izunguke tupu. Nyundo zake zinagongana zenyewe kwa zenyewe, na kabla jua halijazama mashine imejivunja. Ya watu huzimwa. Hii haikuwa na mahali pa kuizimia.

Akamlaza mumewe kwenye mkeka, akamfungua vifungo vya shati, akaokota jiwe la ukubwa wa kiazi. Akaliweka kifuani taratibu, kama mtu anayemkanda mgonjwa kwa maji ya moto. Jiwe likatetemeka, likawa unga, unga ukamwagika pande zote mbili za mbavu.

"Afadhali?"

"Afadhali," Kornelio akasema. "Ongeza."

Kufikia Ijumaa watu walikuwa wamepanga viroba vya mawe mlangoni. Rhobi akawaambia huo ni moyo, si mashine ya kijiji.

"Sasa mama, si tunakusaidia?" wakamjibu. "Au unataka azunguke tupu?"

Rhobi akampeleka mumewe zahanati. Mganga akaweka kipimo kifuani, akasikiliza, akakitoa sikioni haraka.

"Mkanda umelegea," akasema. "Mpeleke kwa fundi wa kuchomelea, pale karibu na soko. Sisi hapa vipuri hatuna."

Fundi akaukaza, akapaka na grisi kidogo.

Jumatatu walikuja watu wa kamati ya wachimbaji. Walikunywa uji, wakausifu, wakasema karasha hairuhusiwi katikati ya nyumba za watu kwa ajili ya vumbi. Basi Kornelio akahamishiwa bondeni, kwenye banda la Marwa, ambako palikuwa na nafasi kati ya mashine mbili. Wakampaka namba sita begani kwa rangi nyekundu.

"Karibu tena, mzee," Marwa akasema. Hakuwa mtu mbaya. Kwenye misiba alileta soda.

"Atapumzika saa ngapi?" Rhobi akauliza.

"Dizeli ikiisha, mama, zote zinapumzika."

"Huyu hatumii dizeli."

"Sasa si unaona mwenyewe?"

Tangu hapo, kila saa saba Rhobi aliteremka na ugali wa mtama na maziwa ya mgando. Kornelio alikula amelala, mawe yakiendelea. Walizungumza kwa vidole kwa sababu ya kelele. Vidonge viliisha mwezi wa pili, moyo haukuzima. Imrani alikuwa akija na wateja wa Matongo na Gorong'a, anawaonyesha namba sita kwa mbali, na makopo yanaisha mkobani.

Siku moja Rhobi akamwomba mlishaji, kijana mwenye kikohozi, aende akanywe chai.

"Na mzee je?"

"Apumzike kidogo tu. Mimi nipo."

Kijana akaweka koleo chini akaenda. Jiwe la mwisho likasagika. Rhobi akakaa karibu na mumewe, akamshika mkono, wakatazamana. Ilikuwa vizuri kwa muda wa kunywa maji. Kisha nyundo zikaanza kugongana. Kornelio akakaza meno, mbavu zikaruka, kidole chake kikaonyesha lundo la mawe.

Rhobi akajifunga khanga vizuri kiunoni, akaokota koleo, akalisha. Vumbi likapanda, jeupe, laini, akalivuta kama hewa nyingine yoyote. Alilisha mpaka uso wa Kornelio ukatulia.

Marwa alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, anamwangalia anavyotupa jiwe bila kumwaga.

"Mama," akamwambia, "unaweza kuanza Jumatatu."