Tawi la Marehemu Mugeta

Nyamburi alilelewa akijua kwamba vitu vya marehemu haviguswi mpaka matanga yaanuliwe. Kwa hiyo Mugeta, mwenzake wa kazi, alipofariki, hakuligusa tawi lake. Tawi ni ile nakala ya pembeni ambayo fundi wa programu huifanyia kazi kabla ya kuiunganisha na kazi kuu, na katika ofisi yao ndogo ya Kitaji, Musoma, kila mmoja alikuwa na lake. Ndani ya tawi la Mugeta mlikuwa na sauti yake mwenyewe, akiwatangazia wafugaji siku za chanjo ya ng'ombe kwa Kizanaki.

Msibani Butiama, mama yake Mugeta, aliposikia habari ya sauti hiyo, alikuwa na ombi moja tu.

"Matanga yakiisha uniletee hiyo sauti, mwanangu. Alikuwaga ananirekodia salamu kwenye simu, sasa simu yenyewe niliibiwa mnadani Bunda. Sina kitu."

Nyamburi akaahidi. Miezi ikapita, kazi zikamzidi, akajitafutia msaidizi asiyekula wala kulala: akili mnemba ya kuandika programu. Wiki ya kuanua matanga, akiharakisha kumaliza kazi ili awahi Butiama, aliiagiza ifute matawi yote yaliyotelekezwa. Ikapekua, ikakuta moja halijaguswa tangu msiba. Heshima yote ile, kwa mashine, ilikuwa takataka tu! Ikalifuta pamoja na nakala ya akiba. Kompyuta ya Mugeta ilisagika naye kwenye ajali ya pikipiki, kwa hiyo hapakuwa na nakala nyingine popote.

Alilia kwanza. Kisha, kwa hasira, akaiandikia mashine masharti ambayo angeyaandika siku ya kwanza kama angekuwa na akili zake. Usifute tawi lolote bila kuniuliza. Usiguse kazi kuu bila ruhusa. Kila badiliko, eleza ni la nani na kwa nini. Tawi kukaa kimya si kwamba limeachwa. Mashine ikaomba radhi kwa adabu zaidi kuliko mkwe mpya, ikaahidi kuyafuata yote. Mjumbe hauawi, na hapa aliyemtuma mjumbe alikuwa Nyamburi mwenyewe. Maji yalishamwagika.

Butiama aliwakuta wanawake wamejaa mikekani, wamealikwa kuja kusikiliza. Mama Mugeta alikuwa ameazima spika kwa jirani. Nyamburi akapiga magoti mbele yake, akaeleza kila kitu, mpaka yale masharti.

Mama alimsikiliza hadi mwisho.

"Sasa hiyo mashine yenu," akauliza, wala hakuwa na ukali, "hukuiambia kwamba amekufa?"

"Sikuiambia, mama."

Mama Mugeta akamshika mkono, akamwinua. Kisha akawageukia wenzake, akawaambia waende tu nyumbani, mtoto hakuja.