Mlango wa Filamu ya Tatu

Mukhwana alijulikana mtaa mzima wa Makina kwa kinywa chake. Katika banda la video aliketi kando ya skrini, kipaza sauti mkononi, akiwatafsiria watazamaji filamu za kigeni, na pale hadithi ilipolegea aliikaza kwa maneno yake mwenyewe. Hakuna aliyelalamika. Wengi walikuja zaidi kumsikiliza yeye kuliko kutazama picha.

Mzee Wepukhulu, mwalimu mstaafu aliyeishi Ayany, hakuwa miongoni mwao. Siku moja katika soko la Toi, chini ya rundo la vitabu vikuukuu, alikuwa amepata sanduku la diski saba: filamu za zamani, nyeusi na nyeupe, kutoka nchi ya milima ambayo hata yeye alilazimika kuitafuta katika atlasi. Zilikuwa na maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Alikubali kumwazima Mukhwana diski moja kila wiki, kwa sharti.

"Utasema kilichoandikwa. Usiongeze, usipunguze."

"Na wakinyamaza, Mwalimu? Hawa watu wa milimani wananyamaza sana."

"Wakinyamaza, nawe unyamaze."

Jumamosi mbili Mukhwana alilishika sharti hilo, ingawa vijana walimtania. "Niaje, Mukhwana, leo umemeza maiki?" Hata hivyo banda lilijaa. Akina mama waliokuwa wameacha kuingia, kwa kuchoshwa na filamu za ngumi, walirudi na kuketi mstari wa mbele na vikapu vyao. Bila diski zile wasingekuja tena, na Mukhwana alilijua hilo.

Filamu ya tatu ilihusu dada wawili waliokosana kwenye mazishi ya mama yao. Baada ya miaka kumi, mmoja anashuka mlima katika theluji na kubisha mlangoni kwa mwenzake. Aliye ndani anasimama, mkono juu ya komeo. Anatamka maneno machache, kisha picha inaingia giza. Maandishi yalisema: "Rudi ulikotoka."

Mukhwana aliyaona vizuri. Lakini aliona pia, mstari wa mbele, Kavetsa, muuza mboga wa Silanga, ameuma ncha ya leso yake. Kinywa kikamponyoka.

"Ingia, dada yangu," alitafsiri. "Na mlango ukafunguliwa."

Watu wakapiga makofi.

Jumatano Mzee Wepukhulu alifika bandani. Alipokaribishwa kiti, hakuketi.

"Nimekwenda Silanga kununua mboga, nikakuta kibanda cha Kavetsa kimefungwa. Jirani yake ananiambia ameondoka tangu Jumatatu. Yuko Kawangware kwa dada yake Joan, ambaye hajasemezana naye tangu baba yao azikwe. Amekwenda kwa sababu ya filamu. Filamu ipi hiyo, Mukhwana?"

"Ya tatu, Mwalimu."

"Katika ile niliyoitazama mimi, mlango haukufunguliwa."

Mukhwana alianza kuviringisha waya wa kipaza sauti.

"Umemtuma mtu mlangoni kwa ahadi isiyoandikwa," Mzee alisema. "Nenda ukamwambie ukweli. Ukirudi, nitaamua kuhusu diski nne zilizobaki."

Kesho yake Mukhwana alitembea hadi Kawangware, akipanga maneno na kuyapangua. Hakuwazia sanduku tu. Akilini alimwona Kavetsa akifukuzwa mbele ya wapangaji wote, na mkono uliomsukuma hapo ulikuwa wake.

Alimkuta nje ya chumba cha Joan, juu ya kigoda, akichambua mboga za mrenda. Ndani cherehani ilikuwa ikilia.

"Ala, mtu wa maiki. Umepotea ama unatuletea sinema huku?"

"Mama, nilikosea. Yule dada hakufungua. Alisema, rudi ulikotoka. Mlango niliufungua mimi."

Kavetsa aliendelea kuchambua. "Nilijua."

"Ulijua?"

"Si nina macho? Mtu anayekukaribisha haumi meno vile." Akatupa bua kando. "Huyu wangu naye alinikatalia Jumatatu. Alinisemesha dirishani, wapangaji wa ploti nzima wakisikia. Nikaenda kulala kwa rafiki, nikarudi Jumanne kubisha tena, akafungua. Huyo wa filamu alibisha mara ngapi?"

"Mara moja."

"Basi ndiyo hivyo."

Cherehani ikanyamaza. "Kavetsa," sauti ya Joan ikatoka ndani, "hizo mboga unazichambua ama unazihubiria?"

Jioni ile, sebuleni Ayany, Mukhwana alimweleza Mzee kila kitu kwa utaratibu, hata neno la Joan, bila kuongeza.

"Alibisha mara mbili?" Mzee aliuliza.

"Jumatatu na Jumanne, Mwalimu."

 Mzee akafungua sanduku na kutoa diski ya nne, lakini hakuiachilia.

"Jumamosi utaanza kwa kuwaambia mwisho wa ile ya tatu."

"Nitawaambia."

"Na habari za Kavetsa?"

"Hizo hazikuandikwa, Mwalimu."

Mzee akaiachilia diski.